Uzoefu wangu: kozi ya video ya kuchora mto unaotiririka kwa rangi za mafuta

Kozi hii niliilipia shilingi 60,000 kwa simu, nikapakua video zote usiku. Mwalimu ni Mmarekani, anaongea taratibu, na kamera haiondoki juu ya mkono wake. Kwa sisi tunaojifunzia Dodoma bila mtu wa kutusimamia, hilo ni jambo kubwa.

Somo la maji ndilo lililonifanya niandike. Wengi tunachora mto kwa kupaka bluu kisha kurushia mistari myeupe, na maji yanatoka kama blanketi la milia. Yeye anaanza na giza. Anafunika mto mzima kwa rangi ya giza iliyozimuliwa kwa tapentaini (kiyeyusho cha rangi za mafuta), anashusha wima taswira za miti, yaani miti inavyojionyesha majini kama kwenye kioo, halafu anazikata kwa brashi iliyolazwa. Mkono unafuata mwendo: maji yakizunguka jiwe, brashi inazunguka, yakiporomoka, inashuka. Viwimbi vya karibu ni vipana, vya mbali vinabanana. Povu huja mwisho kabisa, tena pale tu maji yanapogonga kitu. Mti mweusi, taswira yake iwe nyepesi kidogo kuliko wenyewe. Jiwe jeupe, taswira yake ikolee kidogo. Kwa somo hilo peke yake sijutii pesa yangu.

Kasoro yake ni kwamba mto anaouchora ni wa milimani kwao, maji maangavu, changarawe unaiona chini. Shuka Gulwe wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, uutazame mto Kinyasungwe, au uangalie mto Bubu unavyoelekea Bahi. Hayo ni maji ya udongo, kahawia yenye wekundu, na kozi nzima haina hata dakika moja ya maji ya namna hiyo. Ukifuata orodha yake ya rangi utapata mto mzuri usio wa huku.

Mimi msingi naweka oka ya njano (njano ya udongo) na sienna iliyounguzwa (kahawia yenye wekundu), na bluu ya ultramarini kidogo tu ya kupunguza wekundu. Rangi ya anga naipeleka mbali, ambako jicho linayaona maji kwa ulalo. Karibu na miguu naacha udongo utawale. Halafu kuna vivuli. Kwenye maji maangavu kivuli cha mti hupenya na karibu kipotee, lakini kwenye maji ya udongo kinalala juu waziwazi, kama kilivyo ardhini. Chora hicho kivuli, mtu wa Bahi atautambua mto wake.

Waliozoea enameli ya Tingatinga wajiandae kusubiri rangi za mafuta zikauke. Umba, ile kahawia ya udongo, hukauka mapema, nyeupe ya titani huchelewa siku nyingi, na vumbi letu la Agosti halina huruma kwa rangi mbichi. Naegemeza turubai uso ukitazama ukuta.

Jambo moja mwalimu amelitaja mwishoni kwa sentensi moja, na lilistahili kuwa la kwanza: matambara yenye mafuta ya kitani, ambayo ndiyo mafuta ya rangi hizi, yakirundikwa hujipasha moto hadi kuwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke, hasa kama nyumbani kuna watoto. Na madirisha yawe wazi kwa ajili ya tapentaini.

Naipendekeza kwa anayeijua brashi tayari. Anayeanza kabisa atapotea, maana kuchanganya rangi hakufundishwi. Video za mawingu unaweza kuziruka. Za mawe na povu zirudie.