TAHADHARI: anayeuza mizinga "yenye nyuki tayari" sasa anaelekea Mbeya, sisi Mufindi keshatuliza

Kamwene ndugu zangu wa Iringa na Njombe, na ndaga kwa wa Rungwe na Mbeya yote. Naandika harakaharaka maana jana usiku shoga yangu wa Tukuyu kanipigia, ananiambia kuna mtu anataka kuja kwenye kikundi chao kuwaonyesha mizinga ya kisasa yenye nyuki humohumo ndani, malkia yupo, wewe kazi yako kuweka shambani tu, miezi mitatu unarina na asali yote ananunua yeye. Nikamwambia hebu rudia hapo kwenye malkia. Akarudia. Ni yuleyule jamani, maneno yaleyale, mpaka na ule utani wake kwamba malkia wake hadai mahari.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama, tupo Mufindi, sio mbali sana na Mafinga. Tuko 22. Tulipata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ambayo wanawake wanapewa 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2, hauna riba lakini ni mkopo, unarudishwa. Tukakubaliana tufuge nyuki maana huku milingoti ikitoa maua unasikia mvumo ukiwa barabarani, na wengi wetu baba zetu walikuwa na mizinga ya magogo, kwa hiyo sio kwamba hatujui nyuki kabisa. Ndio maana inaniuma zaidi. Jina la huyo jamaa sitaji, kesi ipo polisi, RB tumechukua, ile namba ya taarifa ya kituoni.

Mara ya kwanza alikuja na mzinga mmoja tu, jioni, na ule ulikuwa na nyuki wa kweli sikatai. Akavaa vazi lake jeupe, akapuliza moshi, akanyanyua kibao kimoja taratibu, sega limejaa mpaka chini asali inachuruzika, akakata vipande akatugawia. Mama mmoja alifumba macho kabisa akitafuna. Hapo ndipo tulipokwisha, maana baada ya hapo hakuna aliyeuliza swali la maana. Akatoa mkataba wenye muhuri na bei ya kununua asali ambayo huku hatujawahi kuisikia, akatoa na cheti cha kampuni kimelaminishwa. Mzinga mmoja 180,000, tukachukua 40, yaani 7,200,000, nusu kabla nusu mzigo ukifika. Nilizituma mimi mwenyewe kwa mkono wangu, na jina lililotokea kwenye simu halikuwa la kampuni wala halikuwa lake, akasema ni la mhasibu wake. Nikabonyeza namba ya siri.

Sasa sikilizeni mzigo ulivyokuja. Saa nane mchana, jua kali, Fuso imefunikwa turubai na mizinga imepangwa juu kwa juu. Anayejua nyuki anajua kundi linahamishwa usiku, wakisharudi wote nyumbani na kumepoa, ukiwasafirisha juani wamejaziwa hivyo wanakufa kwa joto njiani. Halafu utingo anashusha yuko na singlendi na kandambili. Mizinga 40 ya nyuki wakubwa, hawa wetu wanaofukuza ng'ombe mpaka mtoni, na yeye anaibeba begani anapiga mluzi! Kuna babu jirani yetu, karina asali tangu ujana wake, alikuwa kasimama pale na fimbo yake akamuuliza yule kijana "hujadungwa hata mmoja mwanangu?" Sisi tukacheka. Tulidhani utani wa wazee.

Milango ya mizinga ilikuwa imezibwa kwa majani. Jamaa akasema tusifungue wiki mbili, majani watayatoa wenyewe nyuki, malkia anazoea mazingira na mkimsumbua anaondoka na kundi lote. Tukamalizia hela siku hiyohiyo. Akatuuzia na nta kilo 5 ya kupaka mizinga mingine tutakayoongeza baadaye, kumbe ni mshumaa umeyeyushwa na kutiwa rangi, nta ukiipasha kiganjani inanukia asali, ile ilinuka duka.

Wiki mbili zikaisha, majani yapo vilevile hayajasogea hata unyasi mmoja. Tukafungua wa kwanza. Ndani kuna kipande cha sega la zamani jeusi kimefungwa na kamba ya katani kwenye kibao, KAMBA jamani, na utando mweupe kama wa buibui, viwavi vya nondo vinatambaa, na chini nyuki wakavu kama kiganja kimoja hivi, ukiwagusa wanavunjika kama pumba. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu hivyohivyo. Tulipofika wa tisa mwenyekiti akakaa chini kwenye majani na hatukuendelea.

Nikampigia, siku hiyo akapokea. Akasema mama, nyuki wa Afrika ndio tabia yao, wanahama, mtakuwa mmewasumbua. Hapa naomba muwe makini sana maana ndio mtego wake wenyewe, ni uongo uliopakwa ukweli. Ni kweli nyuki wetu wanahama kirahisi, joto likizidi au njaa au ukiwachokoa chokoa, kila mfugaji anajua. Lakini nyuki waliokaa sehemu hata siku chache wanaacha alama, utakuta wameanza kujenga, nta mpya nyeupe kwenye vibao, na mlangoni pamepita miguu. Kwetu vibao vilikuwa safi kama vimetoka kwa fundi jana. Huwezi kuhama nyumba ambayo hujawahi kuingia. Baada ya simu hiyo akazima mpaka leo.

Na mizinga yenyewe! Mbao za paini mbichi, bado zinatoa utomvu, ndani imepakwa oili chafu. Vibao vya juu kwa nyuki wetu vinatakiwa milimita 32 ili kila kibao wajenge sega lake, hivi vilikuwa kila kimoja na unene wake. Sisi tunaoishi katikati ya mbao za msitu wa Sao Hill tumeuziwa mbao mbichi kutoka mbali, fundi wa Mafinga akisikia atatucheka mwaka mzima.

Afisa nyuki wa wilaya alikuja baadaye, bure kabisa hata soda hakuomba. Kwa nini hatukumuita mwanzo? Kwa sababu jamaa alituambia hao maafisa wanataka asilimia yao. Na tukaamini! Ile kampuni ya kwenye cheti ukiitafuta BRELA, wale wanaosajili makampuni, kwenye mtandao haipo, ni dakika 5 tu kwa simu, mtoto wangu ndiye aliyenitafutia.

Sisemi kila anayeuza nyuki ni tapeli, wapo wanaouza makundi ya kweli, ila huyo atakuja usiku, mlango kaziba kwa wavu hewa ipite, na utafungua uone majana, yaani watoto wa nyuki, na malkia kabla hujatoa hata mia. Na hata hivyo kununua nyuki sio lazima, unapaka nta halisi unatundika mzinga mahali pazuri msimu wa makundi kuhama, wanakuja wenyewe.

Nyie wa Tukuyu, nasikia kikao ni Jumamosi saa nne. Msimfukuze, mwacheni aje, RB namba shoga yangu anayo, ongeeni na kituo chenu mapema. Na kama kapita kwako, Makete, Ludewa, Chunya, popote, andika hapa ulilipa lini na hela ilitokea jina gani, hata herufi za mwanzo tu, tunaunganisha.

Ya kwetu 40 tunayo bado. Babu katuonyesha kuibabua ndani kwa moto ile oili iungue, tukakaa na randa tukarekebisha vibao, tukapaka nta yake mwenyewe aliyotupa kisha tukaitundika kwenye milingoti. Mpaka juzi mitatu imeingiwa. Rejesho la kwanza la mkopo ni mwezi ujao.