Impreza yangu na eshapema mbili: ya kelele na ya kazi

Bomba la moshi la kwanza (eshapema) lilikula dola 180 na likadumu wiki tano. La pili limekula karibu dola 900 ukihesabu kila kitu, na sasa lina miezi kumi na moja chini ya gari. Nimeulizwa sana kuhusu yote mawili, basi nayaandika hapa nipumzike.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2004, ya soko la Japani, usukani kulia, injini EJ205 ya sentimita za ujazo 1,994 yenye turbo, ile feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Kwenye karatasi ina nguvu farasi 250. Farasi hao walihesabiwa huko Japani, kwa esansi (petroli) yao yenye okteni ya juu, yaani isiyowaka kirahisi kabla ya wakati. Lubumbashi tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na turbo inalazimika kuzunguka zaidi ili ifikishe presha ileile. Nalisema mapema kwa sababu baadaye litanirudia.

Sitadanganya: nilichotaka mwanzoni ni sauti. Gari liliposhuka Dar es Salaam, likapita Tunduma, likaingia Kasumbalesa, lilikuwa kimya kama Corolla ya padri. Vijana wa mtaa wa Bel-Air walikuwa wananiuliza, "Mukubwa, hii iko na turbo kweli?" Swali hilo likiulizwa mara tatu kwa wiki, mtu anaanza kutafuta garaji.

Garaji nililokwenda lipo upande wa Katuba, jina naliacha. Walinionyesha sailensa ya kromu yenye mdomo mpana kama sufuria ya bukari (ugali). Wakasema wataitoa katalizeri pia, ile inayosafisha sumu za moshi, gari lipumue. Kisha mmoja wao akanivuta pembeni: nikiwaachia katalizeri, watanipunguzia dola 60. Sisi tumezaliwa kwenye mji wa shaba. Mtu akikupunguzia bei ili abaki na takataka yako, jua si takataka. Ndani ya kile kitu kuna platini, paladi na rodi, kidogo lakini zipo. Nikalipa bei kamili, nikaibeba nyumbani. Ndiyo akili pekee niliyoonyesha siku ile.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: bomba la chuma cha kawaida, na kila penye kona walikata vipande vya pembe wakavichomelea kama upepeo. Kona mbili walizikunja kwa moto, zikabonyea kama chupa ya plastiki iliyokanyagwa. Moshi unapita inchi mbili na nusu, halafu ghafla unapita tundu la inchi moja na kitu. Sikuliona hilo siku ile. Niliwasha gari, likanguruma, nikacheka peke yangu barabarani.

Nguvu? Hakuna. Ukikanyaga, turbo inaamka palepale ilipokuwa inaamka, mizunguko 3,200 hivi kwa dakika, ila sasa mtaa mzima unajua kwamba imeamka. Jirani yangu, mama mmoja mwenye mtoto mchanga, alivumilia siku nne. Siku ya tano akanisubiri getini: "Papa, mutoto analala saa ngapi sasa?" Nikaanza kuisukuma Impreza mpaka barabarani kabla ya kuiwasha. Dola 180 kwa gari la kusukuma.

Kilichonifungua macho ni safari ya Likasi, kilomita 120. Ukitoka peaji, pale wanapolipisha barabara, na kushika mwendo wa kilomita mia, injini inakaa karibu mizunguko 3,000 kwa dakika. Injini ya silinda nne kwenye mzunguko huo inapiga moshi mara 100 kwa sekunde, na mlio huo wa chini ndio unaojaa ndani ya gari kama mtu anakupigia ngoma nyuma ya kichwa. Mke wangu alifunga masikio kwa kitenge. Tulipofika Likasi hakuna aliyekuwa na hamu ya kuongea. Wiki iliyofuata bomba likapasuka karibu na injini, kwa sababu hawakuweka ile sehemu ya nyuzi za chuma inayonyumbuka. Injini ya Subaru inatikisika upande kwa upande ukikanyaga, na bomba lililofungwa kama nondo halina pa kwenda ila kupasuka.

Hapo nikaanza kusoma, jambo ambalo ningelifanya kwanza.

Mwenye gari la turbo akumbuke kwamba moshi haukimbilii mkiani moja kwa moja. Unatoka kwenye silinda, unasukuma gurudumu la turbo, ndipo unashuka. Gurudumu linazungushwa na tofauti ya presha: nyuma yake msukumo mkubwa, mbele yake nafasi. Fikiria uwanja wa Mazembe pale Kamalondo baada ya mechi. Kama geti la kwanza ni jembamba, hata ukipanua barabara ya nje mara tano, watu bado wamekwama getini. Mimi nilipanua barabara ya nje. Geti la kwanza la gari la turbo ni lile bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo, wanaliita daunpaipu, na kwenye Impreza ndipo pembamba zaidi, tena ndimo kuna kona kali. Na yale maneno ya mafundi kwamba "injini inahitaji msongo kidogo nyuma" hayahusu turbo. Baada ya turbo, kadiri moshi unavyopata nafasi ndivyo turbo inavyofurahi.

Nikaenda kwa fundi mwingine, mzee aliyechomelea mabomba ya asidi kwenye viwanda vya shaba kwa miaka mingi kabla ya kufungua karakana yake Kampemba. Huu ni utajiri wa Lubumbashi ambao wenye magari wengi hawautumii. Mgodi hauchezi na bomba la asidi likivuja, kwa hiyo watu waliofundishwa huko wanachomelea kwa argoni, tena wanapitisha gesi ndani ya bomba pia ili upande wa ndani usiungue na kuwa kama maganda. Alilala chini ya gari langu dakika mbili, akatoka akipangusa mikono. "Mwanangu, nani njo alikufanyia hii?" Sikumjibu.

Wazo langu lilikuwa achonge eshapema nzima kwa mabomba ya mgodi ya chuma kisichoshika kutu. Yanapatikana, na kona zake zinauzwa tayari, laini, bila kubonyea. Mzee akanizuia, na hapa kuna jambo ambalo sijaliona likielezwa popote kwa Kiswahili. Inchi 3 ya bomba la kiwanda si inchi 3 ya eshapema. Bomba la kiwanda linaloitwa inchi 3 lina upana wa nje wa milimita 88.9. La eshapema ni milimita 76 hivi, kama jina linavyosema. Tena la kiwanda, hata la aina nyembamba inayotumika sana, lina unene wa milimita 3 hivi, kwa sababu limetengenezwa kubeba presha. Lina karibu kilo 6 na nusu kwa kila mita. La eshapema lenye unene wa milimita 1.5 halifiki kilo 3. Ukiweka la mgodi, utakuwa umefunga tela chini ya gari, na mipira inayoshikilia eshapema itakatika kabla ya Krismasi.

Kwa hiyo tukagawana kazi. Daunpaipu niliiagiza tayari, ya inchi 3, chuma kisichoshika kutu cha SUS 304, yenye sehemu ya kunyumbuka na tundu la sensa (kihisi) ya oksijeni mahali pake. Ndani yake kuna katalizeri ya michezo yenye vitundu 200 kwa kila inchi ya mraba. Za kiwandani kwa kawaida zina 400 mpaka 600, kwa hiyo hii inapitisha moshi kwa urahisi zaidi. Wengi waliniambia katalizeri ya nini, Lubumbashi nani atakukamata? Niliendesha wiki tano bila katalizeri. Ukisimama kwenye msongamano wa Chaussée de Kasenga vioo vikiwa wazi, harufu ya esansi mbichi inaingia mpaka kwenye nguo, na nyuma nina watoto wawili.

Sehemu ya nyuma ni Fujitsubo iliyotumika, kutoka Japani. Nimeichagua kwa sababu Wajapani hao wanajulikana kwa sailensa zenye adabu, na adabu ndiyo niliyokuwa nimeikosa. Mzee aliunganisha katikati na kuongeza rezoneta ndefu, kopo la kupunguza mlio. Mshono wake unang'aa rangi ya dhahabu na buluu kama shingo ya njiwa. Fundi alichukua dola 140 tu na hakuomba katalizeri.

Sasa lile la hatari. Siku ya kwanza na bomba jipya, nilikanyaga kwenye barabara ya Kasumbalesa. Kipimo cha presha ya turbo ambacho siku zote kilisimama kwenye bar 0.8 kikapita 1.0, kikapanda mpaka 1.2, halafu injini ikakatika ghafla kama mtu amezima swichi. Nilidhani imekufa. Kumbe kompyuta ilikata esansi ili kujilinda. Turbo ina mlango mdogo wa pembeni, westigeti, wa kupunguza moshi presha ikitosha. Eshapema ikifunguka namna hii, mlango huo hautoshi tena, moshi unaendelea kusukuma gurudumu, na presha inapanda yenyewe. Hewa ikizidi esansi, mchanganyiko unakauka, injini inagonga (esansi inawaka kabla ya wakati), na pistoni ya Subaru haisamehi kugonga. Kwa esansi yetu ya hapa, na turbo inayozunguka zaidi kwenye hewa nyepesi, hali ni mbaya zaidi.

Niliegesha gari siku tisa. Mzee alipanua tundu la westigeti kwa uangalifu. Mimi nikanunua kebo ya Tactrix, ya kuunganisha laptopu na kompyuta ya gari, na kumlipa mtaalamu wa mbali aniandikie upya programu ya injini kupitia intaneti: narekodi mwendo, namtumia, ananirudishia, narekodi tena. Mara saba. Tulifunga pia kipimo cha mchanganyiko, na sasa nikikanyaga mpaka mwisho kinasoma karibu 11 za hewa kwa 1 ya esansi, presha imetulia 0.95. Sehemu hii ilikula zaidi ya dola 300, na ningeambiwa nianze upya, hizi ndizo ningezitenga kwanza, kabla ya kugusa hata boliti moja.

Matokeo: turbo inaamka kwenye mizunguko 2,700 hivi. Kwa wanaoendesha mjini hiyo ni tofauti kubwa kuliko nguvu ya juu kabisa, maana mizunguko 6,000 naifikia mara ngapi katika mji huu wa mashimo? Kupita lori la shaba kwenye barabara ya Likasi, gia ya nne inatosha, zamani nilishuka mpaka ya tatu. Sauti ni nzito na ya chini, ule mlio wa Subaru wa kubwabwaja bado upo, kwa sababu unatokana na mabomba ya juu, kati ya silinda na turbo, yasiyolingana urefu, ambayo sikuyagusa. Mlio wa kilomita mia umebaki mdogo, redio inaushinda. Mama jirani ameniambia gari "limepona".

Lawama zangu mbili. Daunpaipu ya inchi 3 inakaa chini zaidi, na dodani zetu (matuta ya barabarani) zinazojengwa usiku bila kipimo zimeshaikwaruza mara mbili. Napita kimshazari kama kaa. Pili, joto. Nilitaka kuizungushia kitambaa cha kuzuia joto, mzee akakataa, akisema masika kinashika maji na hata chuma kizuri kinaumia kwenye mishono. Tuliweka bati la kukinga badala yake, na bati hilo linatetemeka injini ikiwa baridi, kila asubuhi ya Juni, kama meno ya mtu.

Katalizeri ya zamani bado ipo stoo, ndani ya mfuko wa makaa, nyuma ya baiskeli. Wiki iliyopita mtu wa garaji lile la kwanza alinipigia simu, akanisalimia vizuri sana, akauliza habari za watoto.