Wimbo wa taifa wa Kenya kwa bendi ya shule: kazi ya mpangaji wa muziki niliyemlipa

Naongoza bendi ya matarumbeta ya shule hapa Malindi, watoto 11. Noti zetu za wimbo wa taifa zilikuwa kopi ya kopi, zimefifia, na tulizipiga kwa mwendo wa gwaride. Mwezi uliopita nikamlipa mpangaji wa muziki anayepokea kazi kwa WhatsApp shilingi 4,500 atuandikie upya.

Nilimpa sharti moja tu: usisahau wimbo huu ulikotoka. Mimi ni Mpokomo, wa jamii ya Mto Tana. Kabla ya kuwa "Ee Mungu Nguvu Yetu", huu ulikuwa wimbo wetu wa kubembeleza mtoto. Mwaka 1963 Mzee Meza Moroa Galana ndiye aliyeutoa, na kamati ya watu watano, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, ikautengeneza kuwa wa taifa. Nyanya yangu aliuimba polepole, akimpigapiga mtoto mgongoni.

Mpangaji alinielewa. Mstari wa kwanza ameupa yufoniamu (chombo cha shaba kama tuba ndogo) peke yake, kwa sauti ya chini, tuba ikishikilia noti moja ndefu. Matarumbeta yananyamaza. Ngoma nayo inasubiri hadi "Haki iwe ngao na mlinzi", kisha inaingia kwa vijiti vyepesi. Siku ya kwanza tulipoipata sawasawa, kijana wa yufoniamu alimaliza mstari wake na darasa zima likatulia tuli. Nilishindwa kuhesabu mapigo ya kuwaingiza wengine.

Lakini siku hiyo haikuwa ya kwanza ya mazoezi. Mazoezi ya kwanza yaliharibika kabisa, kwani karatasi za tarumbeta ziliandikwa kwa sauti halisi, bila kupandishwa. Tarumbeta la B-flat likisoma noti ya C, hutoa B-flat, kwa hiyo matarumbeta yote yalilia toni nzima chini ya inavyotakiwa, yakigongana na tuba. Watoto walidhani wamekosea wao, na hilo liliniuma sana. Nilimwandikia mpangaji saa mbili usiku. Kabla sijalala alikuwa ameshatuma zilizorekebishwa, bila kudai senti.

Noti za tarumbeta la pili bado ziko juu mno kwa mtoto wa mwaka wa kwanza. Mimi nimezishusha kwa penseli. Kazi nyingine nitampa yeye tena, ila nitamtajia kila chombo na ufunguo wake kabla hajaanza kuandika.