Hedifoni za plana kwa watu wa Pwani: kagua sponji kwanza, sauti baadaye

Tangu joto la kaskazi lianze, meseji ninazopata zinafanana. Msomaji wa Makorora kanitumia picha ya sikio lake limejaa vipande vyeusi, anauliza kama ni ugonjwa wa ngozi. Wa Pangani anataka kujua gundi gani inarudisha ngozi ya sponji iliyochunika. Mwingine amekasirika kweli: hedifoni ya zaidi ya laki saba, haijamaliza mwaka wa pili, sauti anasema bado tamu lakini besi imepungua, na mkewe amempiga marufuku kulala nayo kwa sababu inachafua foronya.

Ndugu zangu, hao wote hawana ugonjwa wala hedifoni mbovu. Wana sponji zilizokufa. Nimeangalia miongozo mingi ya kununua hedifoni na sponji hupewa sentensi moja: ni laini, zinakaa vizuri. Inaandikwa na watu wanaoishi kwenye hewa kavu, na sisi tunaisoma hapa Tanga, mahali ambapo chumvi ya mezani yenyewe hailali kavu. Kwa hiyo leo nazipanga hedifoni za plana za mgongo wazi kwa kigezo hicho kimoja. Sauti sitaizungumzia sana. Ukishafika kwenye plana ya kampuni inayojulikana, sauti ni nzuri, mengine ni mapenzi ya mtu.

Kwa ufupi, kwa mgeni wa mambo haya. Hedifoni ya kawaida ina koili ndogo iliyogundishwa katikati ya koni, koili inasukuma koni. Plana ina utando mwembamba sana wenye njia za umeme zilizotandazwa juu yake, umetegwa mbele ya safu za sumaku. Umeme ukipita, utando mzima unasogea kwa pamoja. Ndiyo maana magitaa ya Atomic Jazz, bendi yetu ya zamani ya Tanga, yale yanayopishana na kujibizana, kwenye plana unayasikia kila moja na nafasi yake. Si uvumbuzi wa juzi. Yamaha walitoa HP-1 ya namna hii mwaka 1976, umbo lake likachorwa na Mario Bellini wa Italia. Mgongo wazi maana yake kikombe kina matundu nyuma, sauti inatoka nje na ya nje inaingia. Utasikia adhana, utasikia bodaboda, na aliyekaa karibu yako atasikia wimbo wako. Kwa hiyo ni ya nyumbani. Kwenye daladala ya Raskazone usijaribu.

Sasa sponji. Nyingi zimefunikwa kwa ngozi ya plastiki, na plastiki hiyo kwa kawaida ni poliyurethani. Adui wake mkubwa ni mvuke wa maji. Unyevu wa hewani unavunja minyororo ya kemikali iliyoishikilia, polepole, mpaka tabaka la juu linaanza kumenyuka. Jasho na mafuta ya ngozi vinaharakisha. Na jambo ambalo wauzaji hawapendi ulijue: haihitaji kuvaliwa ili ioze. Hedifoni iliyokaa stoo ya bati miaka mitatu ndani ya boksi lake inaweza kukufikia ikiwa "mpya" huku sponji ziko njiani kuondoka.

Wengine wataniambia ni suala la urembo tu. Hapana. Plana ya mgongo wazi inashusha besi chini kabisa bila kuporomoka, lakini kwa sharti kwamba hewa kati ya utando na sikio imezibwa. Kinachoziba ni sponji. Ikipasuka au ikilala, hewa inavuja na besi ya chini inaondoka nayo. Ikibonyea, utando unasogea karibu na sikio na sauti za juu nazo zinabadilika. Yule bwana wa foronya alikuwa tayari kununua amplifaya kurudisha besi! Angepoteza hela, na besi isingerudi.

Na hapa niseme la akina mama wenzangu, maana sijaona aliyeliandika. Ukivaa hedifoni juu ya ushungi, kitambaa kinafungua mianya midogo kuizunguka sponji, na besi inapungua hata kama sponji ni mpya. Miwani yenye mikono minene inafanya hivyohivyo, na misuko mikubwa pia. Faida yake ni kwamba jasho halifiki kwenye sponji. Mimi nikiwa ndani peke yangu navua mtandio nasikiliza inavyotakiwa. Nikiwa na wageni natumia juu ya kitambaa chepesi na kukubali hasara. Anayekuuzia na kukwambia "hii haina tofauti" hajawahi kuvaa ushungi.

Namba moja: HiFiMan Sundara

Sifichi, mimi ni mtu wa HiFiMan. Siyo kwa sababu wanatengeneza vitu imara kuliko wengine, malalamiko juu ya uimara wao yapo na mengine ni ya haki. Ni kwa sababu sponji yao inabadilishika na mtu yeyote mwenye vidole. Imekaa kwenye pete ya plastiki yenye vimeno, unaichomoa taratibu na kubana nyingine. Vimeno ni vyembamba, usivute kama unang'oa muhogo. Halafu upande unaogusa shavu ni kitambaa, ile ngozi ya plastiki iko ubavuni. Ubavu ukichunika, kipande hakibaki usoni mwako.

Sababu ya pili ni wingi. Sundara ipo sokoni tangu 2018 na imeuzwa sana, kwa hiyo sponji za kampuni nyingine zipo kwa aina zote, Dekoni wakiwemo: za mahameli, za ngozi ya kondoo, zenye matundu. Mahameli haina tabaka la kumenyuka. Inapunguza besi kidogo kwa sababu inapumua, lakini kwa Tanga naichagua hiyo bila kufikiri. Uzito ni gramu 372, kwa plana ni mwepesi. Ukinzani omu 37, unyeti desibeli 94, maana yake simu peke yake itaisukuma kwa kujikongoja. Tafuta kiamplifaya kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la chaji, mambo yataisha.

Bei yake nitairudia chini, maana ndiyo iliyonitia hasira.

Namba mbili: HiFiMan Edition XS

Kubwa zaidi, umbo la yai, gramu 405, ilianza kwa dola 499. Sauti inatandaa kuliko Sundara, taarabu ya Black Star Musical Club unaisikia na ukumbi wake. Sponji ni za umbo la yai na zinaingiliana na za Ananda na Arya, kwa hiyo kupata za kubadilisha si shida. Imeshuka namba kwa sababu sponji hiyo ni pana, inashika sehemu kubwa ya shavu, na mwezi wa pili hapa kwetu shavu halitaki kushikwa. Wenye uso mwembamba pia wanalalamika kwamba chini ya taya inabaki na mwanya, na mwanya tumeshasema ni nini.

Namba tatu: FiiO FT5

Hawa nawapa heshima kwa jambo moja: ndani ya boksi kuna jozi mbili za sponji, moja ya swedi na nyingine ya ngozi ya plastiki. Anza na ya swedi, ile nyingine fikiria hukupewa. Ila gramu 456 ni nzito shingoni, na ilitoka 2023 kwa dola 449. Haijapata jeshi la watengeneza sponji kama Sundara.

Meze Empyrean

Kama ningepanga kwa sponji peke yake bila kutazama mfuko, hii ingekaa juu na mjadala ungefungwa. Kampuni iko Baia Mare, Romania. Sponji zake zinashikwa na sumaku, zile sumaku za spika yenyewe. Huhitaji kimeno wala gundi: unaisogeza karibu, inajibandika. Unapewa jozi ya ngozi halisi na jozi ya Alcantara, kitambaa kinachofanana na swedi. Unaweza kuzivua kila usiku ukazianika sebuleni, ukazirudisha kesho. Nimeishika, nimeivaa, na nimerudi nyumbani nikiwa na kinyongo, kwa sababu ilipotoka 2018 ilikuwa dola 2,999. Hiyo ni pesa ya kiwanja, siyo ya hedifoni. Ila mhandisi aliyefikiria sumaku ile alifikiria mtu wa Pwani bila kujua, na siwaelewi wengine wanaoendelea na gundi.

Audeze LCD-X

Wanaoendelea na gundi ndio hawa. Wamarekani wa California, walionunuliwa na Sony Interactive Entertainment mwaka 2023. Sauti yao mafundi wa studio wanaiamini, na LCD-X haisumbui hata kwa kifaa kidogo. Lakini ni gramu 612 kichwani, na sponji za mfululizo wa LCD zimegundishwa. Kubadilisha ni kubandua, kusafisha mabaki ya gundi karibu kabisa na spika, na kubandika mpya sawasawa kwa mkono usiotetemeka. Zipo za ngozi halisi, ambayo haichuniki kama ya plastiki, ila ukiifungia kabatini wakati wa masika inaota ukungu. Kwa dola 1,199 nilitegemea zaidi. Ukiwa na chumba chenye kiyoyozi mchana na usiku, nisikilize nusu tu.

Za bei ya chini

HiFiMan HE400se. Sponji yake inabadilishwa kama ya Sundara, na bei yake imewahi kushuka hadi dola 109. Inataka nguvu zaidi, desibeli 91. Kama mfuko ni huo, nunua hiyo. Fostex T50RP ni nusu wazi, sponji zinavishwa kwenye mfereji na zinavuliwa kirahisi, ila za kiwandani ni nyembamba na sikio linagusa ndani. Zile zisizo na jina zinazouzwa zikiandikwa "planar" kwa elfu sitini sizijadili, ukizifungua utakuta koni ya kawaida.

Sasa bei, na wauzaji

Sundara ilianza kwa dola 499. Baadaye ikashuka hadi 349, halafu 299. Haya si siri, kila mwenye intaneti anaona. Lakini nenda duka fulani kubwa la vifaa vya muziki Dar, jina nalihifadhi, bado wanakutajia bei ya 2018, wanaigeuza kuwa shilingi kwa kiwango cha leo, halafu wanaongeza "gharama". Nilipomuuliza kijana wa pale mbona kwingine imeshuka, akanijibu: "Dada, hii ni orijino." Kwani iliyoshuka bei ni feki? Nikamwomba afungue boksi nikague sponji. Akasema boksi likifunguliwa bidhaa inashuka thamani. Basi niuziwe mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe wa laki kumi na tatu!

Nikauliza sponji za akiba. Hawana, na hawaleti. Akanishauri zikiharibika "uchukue mpya," yaani hedifoni mpya nzima. Ndiyo biashara yao ilivyo. Wanauza kitu ambacho kiungo chake kimoja lazima kife kwa hali ya hewa ya wateja wao, na kiungo hicho hawauzi.

Ukiagiza mwenyewe nje napo jipange. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na usafiri, pamoja na ushuru wenyewe. Sponji ndogo zikitumwa peke yake, nauli inaweza kuzidi bei yake, na kodi inaikuta nauli hiyo humohumo. Kwa hiyo unganisha: hedifoni na sponji za akiba kwenye kifurushi kimoja. Ila za akiba ziwe za mahameli au kitambaa. Ukiweka akiba ya poliyurethani, zitaozea kabatini zikikusubiri.

Ukinunulia dukani, dai boksi lifunguliwe. Pinda ukingo wa sponji kwa kidole gumba, pale kwenye mshono. Ukiona nyufa ndogondogo au inanata, rudisha. Bonyeza kisha achia, irudi juu haraka. Uliza pia vilikaa wapi, na ukionyeshwa stoo ya juu chini ya bati, ondoka.

Nyumbani, futa kwa kitambaa kikavu kila ukivua, usitumie spiriti. Usiache dirishani upande wa bahari. Na kwa aliyenazo tayari zimeanza kuchunika: usibandike gundi. Mpelekee fundi cherehani, pale Ngamiani wapo wengi, akushonee mfuko wa kitambaa cha jezi wenye mpira pembeni, unaovishwa juu ya sponji. Chagua kitambaa chepesi, na katikati mbele ya spika papasuliwe pawe wazi. Kizito kitakuvujishia besi kama ushungi. Mfuko huo utakuvusha mpaka sponji mpya zifike, na yule wa foronya ameshaniandikia kwamba karuhusiwa kurudi nazo kitandani, ingawa bado anasema besi haijakaa sawa. Haitakaa, mpaka abadilishe.