Friji yangu ya milango miwili baada ya mwaka na nusu: iko poa, matatizo mengi niliyaanzisha mwenyewe

Haya sio maoni ya mtu aliyeitoa kwenye boksi jana, nimeshakaa na hii friji mwaka na miezi sita, imeshakatikiwa umeme, imeshahamishwa chumba, imeshafunguliwa na watoto mara mia kwa siku, kwa hiyo nnachoandika nimekiona. Ni ya milango miwili, friji juu friza chini, friza ina droo tatu, jumla lita 260 hivi, gesi yake ya kupozea ni R600a, na sio zile zenye feni ndani zisizoshika barafu, hii inashika na lazima uiyeyushe mwenyewe. Naipa nyota nne kati ya tano. Kama ningeandika miezi mitatu ya mwanzo ningeipa mbili na ningekua nimeionea, maana karibu kila nilicholalamikia kilikua kimeandikwa kwenye kile kitabu cha maelekezo ambacho wote tunakitupa na boksi.

Tuanze na siku ya kwanza. Walioileta waliilaza kwenye gari, wakaisimamisha jikoni, wakaniambia bosi wewe chomeka tu. Nikachomeka. Ikaanza kunguruma mlio mzito sana, mdogo wangu ndo alikua anafungua fungua kitabu akapiga kelele, "Kaka chomoa! Wameandika ikilazwa isubiri!" Nikachomoa. Kumbe ndani ya kompresa, ile pampu ya gesi iliyoko nyuma chini, kuna mafuta, na friji ikilala yale mafuta yanatambaa kuingia kwenye mabomba ya gesi, sasa ukiwasha kabla hayajarudi kompresa inazunguka kavu na inaweza kufa siku hiyohiyo. Ikija imesimama wima saa nne hivi zinatosha, ikiwa imelazwa bora uache mpaka kesho yake. Nikaiacha usiku kucha, asubuhi nikawasha, mlio ukawa wa kawaida. Nilibahatika, na usije ukanijaribia hiyo bahati kwako.

Afu kuna kuiweka sawa. Miguu ya mbele inazungushwa kwa mkono, unainyanyua kidogo tu kuliko ya nyuma ili mlango ukiuachia nusu ujifunge wenyewe. Mi sikufanya ivyo mwanzoni, mlango ukawa unabaki wazi upenyo wa kidole na hakuna anayejua.

Sehemu niliyoichagua ndo ilikua kosa kubwa. Niliichomeka katikati ya kabati na ukuta, imebana kabisa, inapendeza kama imejengewa, na jiko liko hapo pembeni. Baada ya siku mbili nikagusa ubavu wake, wa moto! Nikajua tayari imeungua, nikampigia fundi, akacheka. Akanieleza kwamba friji haitengenezi baridi, inachukua joto la ndani inalitoa nje, na kwa hizi za siku hizi mabomba ya kutolea joto yamefichwa ndani ya bati la ubavuni, kwa hiyo ubavu kuwa vuguvugu ni kawaida. Ila ukiibana joto linakosa pa kwenda na kompresa inafanya kazi bila kupumzika. Kitabu changu kinataka sentimita 5 kila upande na 10 nyuma na juu. Nikaihamisha mbali na jiko na mbali na dirisha linaloingiza jua, na siku hiyohiyo nikaanza kusikia kitu nilichokua sijawahi kukisikia: ikizima. Yani ilikua haijawahi kuzima.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii wakati wa kununua ni ile stika ya ndani yenye herufi za hali ya hewa. N maana yake imetengenezwa kwa chumba cha nyuzi 16 mpaka 32, ST inaenda mpaka 38, T mpaka 43, na SN inashuka mpaka 10. Yangu ni T. Jamaa yangu anaishi kwenye baridi, kaweka yake stoo ambako nyuzi zinashuka mpaka 12, na friza yake ikawa inayeyuka, anashangaa iweje baridi iharibu friji. Sababu ni kwamba friji nyingi za aina hii zina kipimo kimoja tu cha joto kinachoamua kompresa iwake lini, na kiko upande wa juu. Chumba kikiwa baridi upande wa juu unaonekana umeshapoa, kompresa haiwaki, friza chini inaachwa peke yake.

Umeme sasa. Waya wa hii friji ni mfupi na hapo ndo nimekata nusu nyota, maana ndo ulionisukuma nitumie ekstensheni. Nikaweka ekstensheni ya matundu manne, friji humo, birika humo, chaja humo. Mwezi wa pili nanusa harufu kama plastiki inaungua, nagusa plagi, ya moto na tundu limeanza kuwa la kahawia. Kompresa inapowaka inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishachanganya, na inafanya ivyo kila ikiwaka, mchana na usiku. Friji inataka soketi yake ya ukutani, peke yake, yenye ethi, na plagi iwe mahali unapofika kwa mkono ili siku ya hatari uchomoe bila kuisukuma friji. Ile ethi sio pambo, waya wa ndani ukigusa bati ndo inakuokoa wewe unayefungua mlango na miguu imelowa. Na waya ukichubuka usiuzungushie solateipu, mwite fundi aubadilishe wote.

Umeme ukikatika ukarudi palepale, friji itanguruma sekunde chache afu tak, kimya. Baada ya muda inajaribu tena, tak. Niliposikia mara ya kwanza nilidhani imekufa. Ni kwamba gesi bado ina presha upande mmoja, kompresa inashindwa kuanza, kinga yake inakata. Subiri angalau dakika tano ndo uwashe. Mi nimenunua kile kifaa kinachokaa kati ya plagi na soketi, kinasubirisha umeme chenyewe na kinakata ukishuka au ukipanda sana, na sijajuta. Ukikatika kwa muda mrefu usifungue fungue kuangalia, friji iliyofungwa inahimili kama saa 4, friza iliyojaa saa 48, iliyo nusu 24.

Kile kitufe cha kuzungusha kina namba 1 mpaka 7 na hakuna mahali wameandika nyuzi ngapi, hii imenikera kweli. Mi nikaweka 7 nikijua ndo inapoza vizuri. Matokeo yake ukuta wa nyuma ukafanya barafu nene, mboga zikaganda zikawa kama glasi, na kompresa haipumui. Namba ni nguvu tu, sio nyuzi. Chukua kipimajoto, kizamishe kwenye glasi ya maji, weka rafu ya katikati ilale humo, asubuhi usome: unataka nyuzi 4 hivi, isivuke 5. Friza iwe hasi 18. Yangu inafika hapo kwenye namba 3, joto likizidi naweka 4. Nyota nne zilizochorwa kwenye mlango wa friza maana yake inaweza kugandisha kitu kibichi kabisa na kukitunza kwenye hiyo hasi 18, ukikuta nyota moja ni hasi 6 tu, hapo usiweke nyama ya mwezi.

Sasa barafu, na hapa naomba msome taratibu. Mwezi wa tano droo ya juu ya friza ikagoma kutoka, barafu imeishika. Nikachukua kisu. Nilishaingiza ncha kabisa, fundi alikua amekuja kwa mambo mengine akanishika mkono. "Unajua hizo waya unazochokoa ni nini?" Mi nilidhani ni rafu za kuwekea droo. Kumbe kwenye friza za aina hii hizo rafu zenyewe ndo mabomba ya gesi, yamepindwapindwa kama rafu, na ngozi yake ni nyembamba. Ukitoboa, friji imekwisha, na sio hiyo tu. R600a ni isobyuteni, ndugu wa gesi ya kiberiti, inashika moto. Kwenye stika ya nyuma ya friji yangu wameandika gesi ni gramu 52, ni kidogo, na ikiwa ndani ya mabomba haina shida, lakini ikivuja kwenye kachumba kadogo kalikofungwa na wewe ukawasha kiberiti ni habari nyingine. Ndo maana nyuma kuna pembetatu ya njano yenye mwali wa moto. Ukihisi imevuja usiwashe wala kuzima chochote karibu na hapo, fungua madirisha, hakuna moto, gesi yenyewe ni nzito kuliko hewa inatuama chini. Wakati huo nikamuuliza sasa kwanini waweke gesi inayowaka? Akasema zile za zamani zenye gesi ya R12 zilikua haziwaki lakini zilikua zinakula tabaka la ozoni mpaka dunia ikaandikiana Itifaki ya Montreal 1987 kuziondoa, hii haiigusi ozoni na inapoza kwa umeme kidogo. Nikaridhika.

Tangu siku ile naiyeyusha barafu ikifika unene wa milimita 5 hivi. Nachomoa plagi, natoa vitu nafunga kwenye blanketi, naweka sufuria ya maji ya moto juu ya taulo humo ndani, nafunga mlango, baada ya nusu saa vipande vinadondoka vyenyewe navivuta kwa mwiko wa plastiki. Hakuna kisu, hakuna hita, hakuna mashine ya kukaushia nywele. Saa moja na nusu kazi imeisha.

Kitu cha mwisho kilichonitesa ni maji. Kila wiki chini ya droo ya mboga kuna dimbwi. Nikaandika lalamiko refu kwa walioniuzia, wakanijibu niipeleke friji, nikawa nimeshapanga na gari la kuibeba. Bahati nzuri nikainama na tochi. Kwenye ukuta wa nyuma matone yanaganda kompresa ikiwaka na yanayeyuka ikizima, yanateremka kwenye kijimfereji, yanaingia tundu dogo kama la penseli, yanatoka nje kwenye kisahani kilichokaa juu ya kompresa, na joto la kompresa linayakausha. Ni akili sana ukiitazama. Tundu langu lilikua limezibwa na jani moja la mboga. Jani moja! Nikalisukuma na kijiti cha plastiki laini, nikamwaga maji vuguvugu kidogo, nikasikia yanaanguka kisahanini nyuma. Lalamiko nikalifuta kimyakimya.

Mpira wa mlango naupima kwa karatasi: fungia karatasi mlangoni, uivute, ikitoka bila kukaza mpira umechoka au mchafu. Wangu ulilegea kona ya chini, nikaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nikaukausha, ukashika. Nyuma kwenye kompresa napiga brashi ya vumbi kila miezi sita, plagi ikiwa nje.

Vitu vidogo: usiweke chupa ya glasi iliyojaa kwenye friza, maji yakiganda yanapanuka kama asilimia 9 na glasi haipanuki, nimeokota vipande vyake nikijua nilichofanya. Nyama mbichi rafu ya chini, ndani ya chombo chenye mfuniko, isidondoshe majimaji kwenye vitu vinavyoliwa bila kupikwa. Chakula cha moto kiache kipoe kwanza ila kisizidi saa mbili nje. Na usitunze humo makopo ya kupulizia.

Ile friji kuukuu tuliyoitoa ilikaa nje wiki mbili. Fundi huyohuyo akauliza watoto wako wapi, akachukua bisibisi akang'oa milango yote miwili kabla hata hajanywa maji. Friji za zamani zilikua na komeo lisilofunguka kwa ndani, watoto walijificha humo wakafa kwa kukosa hewa, Marekani ikatunga sheria 1956 kwamba mlango lazima ufunguke kwa ndani. Hizi za sumaku zinafunguka lakini mtoto mdogo anaweza asiwe na nguvu za kusukuma, tena ikilala kifudifudi ndo kabisa.

Kwa hiyo nyota: nusu nimekata kwa waya mfupi, nusu kwa kitufe kisicho na nyuzi na droo ya chini ambayo plastiki yake imepata ufa bila kuibebesha kitu kizito. Nimeagiza droo nyingine wiki ya tatu hii, bado naambiwa iko njiani. Ubaridi wenyewe sina la kusema, na sauti usiku ni ndogo ukishazoea ile milio ya tak na maji kububujika kwenye mabomba.