Uzoefu wangu na kikundi cha hisa cha kina mama

Ninauza samaki wa kukaanga sokoni, na sehemu kubwa ya mtaji wangu imetoka katika kikundi cha kuweka na kukopa kinachofuata utaratibu ulioanzishwa na shirika la CARE mwaka 1991 miongoni mwa wanawake wa Maradi, nchini Niger, kabla haujaenea hadi kwetu Tanzania. Kwa mwanamke asiye na dhamana sijaona huduma ya fedha iliyo nafuu kuliko hii. Vifaa vyake ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu, mhuri na vitabu vya wanachama. Funguo hushikwa na wanachama watatu wasio viongozi, hivyo sanduku halifunguliwi mpaka kikundi kiwe kimekaa.

Katika kila mkutano mwanachama hununua hisa, ambazo ndizo akiba yake, kuanzia moja hadi tano, na huweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Riba yetu ni asilimia 5 kwa mwezi, kiwango ambacho mtu wa benki angekishangaa, lakini fedha hiyo huturudia wenyewe siku ya mgawo, yaani mwisho wa mzunguko tunapogawana fedha za sandukuni, kila mmoja kwa kadiri ya hisa zake. Aliyewahi kukopa kwa wale wa kausha damu, ambao marejesho yakichelewa hubeba hata godoro, anaelewa tofauti hiyo bila kuelezwa. Mwanangu alipolazwa, mfuko wa jamii, yaani ule wa kikundi wa kusaidiana wakati wa shida, ulinikopesha bila riba yoyote.

Kasoro kubwa niliyoiona ni bei ya hisa. Tulianza na shilingi 2,000. Mzunguko uliofuata, wenye biashara zilizokwisha kukua wakashinikiza iwe 5,000 ili mikopo nayo ikue, na wenzetu wanaoishi kwa vibarua vya kufua na kulima wakajitoa mmoja mmoja, ingawa hakuna aliyewafukuza. Utaratibu wenyewe unataka bei ipangwe kwa kumtazama mwanachama mwenye kipato cha chini kuliko wote, na kikundi kinachopuuza sharti hilo, kwa maoni yangu, kimebaki kuwa chama cha wafanyabiashara wadogo.

Anayetaka kujiunga aulize pia mwezi wa mgawo. Sisi hugawana Novemba, kisha Januari, wakati wa sare na madaftari ya shule, sanduku halina cha kumkopesha mtu. Nimeomba mgawo usogezwe hadi mwishoni mwa Desemba, ili Januari itukute fedha yetu ikiwa bado mkononi, na suala hilo litajadiliwa tutakapopitia katiba.