Uji wa shuleni Uyole: mtamu, mzito, ila unachelewa

Huduma inayopimwa hapa ni uji wa shule moja ya msingi pembezoni mwa Uyole, Mbeya, yenye wanafunzi wapatao 400. Wapishi wawili, jiko banifu la kuni, masufuria mawili ya lita 80.

Uji wenyewe unastahili sifa. Unga ni robo tatu dona na robo soya, basi. Pakiti nyingi za unga wa "lishe" pale sokoni Mwanjelwa zimejazwa mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano na karanga, mzazi akidhani wingi wa majina ndiyo afya. Nafaka tano zikichanganywa bado ni wanga kwa sehemu kubwa. Anayebeba protini ni soya. Kikombe cha mililita 300 kinachukua gramu 40 za unga. Ukiwa dona tupu, mtoto anapata protini kama gramu 3 na nusu. Ukitia robo ya soya, zinafika 6.

Soya yao inakaangwa kabla ya kusagwa, na hapo hapana mjadala. Soya mbichi ina kizuizi kinachozuia protini kumeng'enywa, na tumbo la mtoto hulalamika. Tena kwa mwinuko wa Uyole maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo usitegemee sufuria imalize kazi ya kikaango. Wanapika dakika 20 baada ya uji kutokota, sawa kabisa. Karanga hawatii, na ni uamuzi wa busara: unga wake huchacha upesi na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, huipenda karanga. Mahindi nayo yachambuliwe kabla ya kwenda mashineni, maana sumukuvu haiuawi na moto wa jikoni.

Tatizo ni saa. Uji unatoka saa nne na nusu. Mtoto aliyekula ugali saa moja jioni anakuwa amekaa saa 15 na ushee bila kitu, na katikati kuna mwendo wa miguu kwenye baridi ya Julai. Hisabati imepangwa vipindi vya kwanza, eti akili bado mbichi. Akili mbichi, tumbo tupu! Mtoto anapiga miayo, anakosea kutoa kwa kukopa, anaandikwa mzito. Uji unapofika, somo lililouhitaji limeshapita.

Chanzo cha kuchelewa ni kidogo mno: maji yanatekwa asubuhi na kuni ni mbichi. Maji yatekwe jioni, kuni zianikwe wiki mbili mbele, moto uwashwe saa 12 na nusu asubuhi. Unga kilo 16 uvurugwe kwanza kwenye lita 40 za maji baridi, ndipo umiminwe kwenye yanayochemka huku mwiko hautulii. Ukiumwaga mkavu utapata madonge, na madonge ndiyo yanayorefusha mapishi. Saa tatu kamili watoto wanakunywa.

Mchango nao hauelezeki. Mzazi anatozwa debe zima la mahindi kwa mtoto mmoja. Kwa siku 194 za masomo, gramu 40 kwa siku ni unga pungufu kidogo ya kilo 8: mahindi kilo 6, soya kilo 2. Hata ukiweka ujira wa wapishi na sukari, kamati inapaswa kubandika hesabu ukutani. Na asiyetoa ananyimwa kikombe. Anakaa kibarazani akitazama wenzake, kisha anaingia darasani nao. Hilo linaumiza kuliko njaa yenyewe, na wengine huamua kutokuja kabisa.

Wapo wanaotaka uji uondoe udumavu. Utafiti wa afya wa 2022 uliikuta Iringa na asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano waliodumaa, Njombe 50.4, mikoa inayolisha wengine. Udumavu huanza tumboni mwa mama na kujijenga miaka miwili ya mwanzo. Kikombe cha darasa la tatu hakiufuti. Kinachoweza ni kuokoa asubuhi.

Mapishi 9 kati ya 10. Ratiba 3. Utaratibu wa mchango, 2.